Sahani Inayozaliwa Kavu

Kwenye maduka ya vyombo ya Kariakoo, mnunuzi mzoefu halipi bakuli la udongo bila kuligonga kwa ukucha. Likilia "ting", anaagiza lifungwe kwa gazeti. Likitoa sauti ya mtu mwenye mafua, analirudisha rafuni hata kama jicho halioni ufa. Halafu anageuza sahani atazame kitako, na hapo anakuta duara jembamba linalokwaruza, lisilong'aa, ambalo wengi hudhani fundi alilisahau.

Hakulisahau. Sahani ya kauri huvikwa koti la kioo linaloitwa gleizi, na kioo kikiyeyuka tanurini hung'ang'ania chochote kinachokigusa. Kitako kisipofutwa kabla ya kuchomwa, sahani na ubao wa tanuri hutoka vimekuwa kitu kimoja. Duara hilo lipo tangu zamani za Wachina. Juu yake, karibu kila kitu kimebadilika.

Kauri ni mchanganyiko wa madini matatu: kaolini, yaani udongo mweupe laini, pamoja na mawe yaliyosagwa ya felspa na kwazi. Jina la kaolini limetokana na Gaoling, kijiji kilicho karibu na Jingdezhen, mji wa China ulioilisha dunia vyombo kwa karne nyingi. Jina la kauri lenyewe lina kisa chake. Waitalia waliviita vyombo hivyo porcellana, neno walilolitumia kwa simbi wa baharini. Na Kiswahili nacho kina kauri simbi na kauri chombo. Mng'ao ule ule uliwavutia watu wa bahari mbili.

Mwaka 1712 padri Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliandika kutoka Jingdezhen barua ndefu kueleza kazi ilivyofanyika. Alisimulia kuwa chombo kimoja kilipita mikononi mwa watu wapatao 70: huyu anachora mstari tu, yule anapaka rangi, mwingine anachoma kwa kuni za msonobari. Wazungu walikuwa wametoka tu kuijua siri hiyo. Kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1710.

Moto ndio uliokuwa mzigo wa kwanza. Mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, ulipokuwa katika kilele chake, ulikuwa na matanuri yapatayo 2,000 yenye umbo la chupa. Tanuri moja lilimeza zaidi ya tani 10 za mkaa wa mawe kwa uchomaji mmoja, na lilipopoa, joto lote liliishia hewani. Kisha kazi ilianza upya kwenye matofali baridi. Moshi ulifunika mji mchana kweupe. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 iliyasukuma matanuri hayo kaburini, lakini tayari kulikuwa na njia bora: tanuri la handaki. Humo moto hauvitembelei vyombo. Vyombo ndivyo vinavyoutembelea moto, vikisukumwa taratibu juu ya vigari kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Joto la sahani zinazopoa mwishoni hupulizwa likakaushe zile zinazosubiri kuingia. Ni akili ya mama ntilie anayepasha maji ya kuoshea vyombo kwa makaa yaliyobaki.

Mzigo wa pili ni maji, na hapa ndipo kisa kinaponoga.

Kwa desturi, sahani ya kiwandani ilitengenezwa kwa donge la udongo mbichi lililowekwa juu ya kalibu ya jasi inayozunguka, kisha kichwa cha chuma kikashuka na kulitandaza. Jasi hunywa maji, udongo unakauka na kujibandua. Lakini jasi nayo hulowa, hulika na kutupwa, kwa hiyo kiwanda kililazimika kuwa na maghala ya kalibu na vyumba vya kukaushia vyenye joto mchana na usiku. Tena udongo mbichi una kinyongo. Sahani ikipindwa kidogo na kunyooshwa papo hapo, jicho haliambulii kitu. Ikifika tanurini hurudi kule kule ilikopindwa.

Wajapani waliujua ugumu wa sahani kwa gharama. Kampuni ya Nippon Toki, ambayo leo ni Noritake, ilianzishwa Nagoya mwaka 1904 ikiwa na nia ya kuuza Marekani seti kamili za mezani. Sahani kubwa ya sentimita 25, iliyo bapa kama walivyoipenda wanunuzi wa huko, ndiyo iliyowasumbua. Seti yao ya kwanza iliyokamilika ilitoka mwaka 1914, baada ya miaka 10 ya kujaribu.

Dawa ya kinyongo hicho ilikuwa kuyaondoa maji mapema. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya Ujerumani vilianza kukandamiza sahani kutoka unga mkavu. Rojo la kauri hunyunyizwa ndani ya mnara wenye hewa ya moto. Kila tone hukauka likiwa angani na kuanguka kama chenga ya mviringo, laini, inayotiririka mithili ya sukari. Chenga hizo humwagwa kati ya kalibu ya chuma na ngozi ya mpira. Nyuma ya mpira kuna mafuta, na mafuta yanaposukumwa kwa nguvu inayokaribia mara 300 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, mpira hubana unga sawasawa kila upande. Sekunde chache tu, sahani imetoka. Haina maji ya kukausha, haina jasi, wala haina sababu ya kuweka kinyongo. Bado itasinyaa motoni: sahani ya sentimita 27 huzaliwa ikiwa na karibu 31, na programu za kompyuta hupiga hesabu mapema itabonyea wapi, ili kalibu ichongwe kinyume chake.

Faida moja inaonekana hotelini. Kalibu inayozunguka ilipenda mviringo. Mashine ya kukandamiza haijali. Zile sahani za pembe nne zinazoletwa na kipande kidogo cha samaki katikati, na bei kubwa pembeni, zimeenea kwa msaada wake.

Afya nayo imebadilika. Vumbi la kwazi liliwaua wafanyakazi wengi wa Stoke kwa ugonjwa wa mapafu, na risasi iliyokuwamo kwenye gleizi za zamani iliwatia sumu wengine. Leo vumbi hufyonzwa kwenye mabomba, na mkono wa roboti ndio unaonyunyiza gleizi. Pale Selb, Bavaria, mbunifu Walter Gropius aliijengea kampuni ya kauri ya Rosenthal kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1967, na katikati yake akaweka bustani ya vioo yenye heroe. Ndege wale hawakuongeza hata sahani moja, lakini mfanyakazi alikuwa na kitu cha kutazama.

Kikombe bado ni mkaidi. Mwili wake hukubali mashine, ila mkono hutengenezwa peke yake, hupakwa rojo kama gundi na kubandikwa wakati vyote viwili vina unyevu sawa. Kimoja kikiwa kikavu zaidi, ufa unangoja tanurini. Mashine za kubandika zipo kwa vikombe vya kawaida. Birika lenye mdomo, mfuniko na mkono mara nyingi bado humaliziwa na mtu mwenye sifongo lenye maji.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki, hadithi hii si ya mbali. Kunduchi, nguzo za makaburi zilipachikwa bakuli za Kichina, na Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya kauri kwa wingi. Milima ya Pugu, jirani na Dar es Salaam, ina hazina kubwa ya kaolini. Moto nao upo: gesi asilia ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa hiyo hiyo, ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Hata hivyo, sahani ya Kariakoo bado imepanda meli.

Unga mkavu wa kukandamizwa ulizoeleka kwenye vigae vya sakafu kabla ya kuingia kwenye sahani. Viwanda vya vigae tayari vipo Chalinze na Mkuranga, na cha Mkuranga kimeunganishwa na gesi. Kinachotenganisha kigae na sahani ni kaolini iliyosafishwa hadi iwe nyeupe pe, moto mkali zaidi, na ile ngozi ya mpira yenye mafuta nyuma yake.