Merikebu za Makasia Kivukoni Makupa

Wanangu, jahazi la tanga mnalijua. Leo nawaeleza chombo kingine: kirefu, chembamba, kimelala karibu na maji, na makasia ubavuni kama miguu ya tandu.

Huko Ulaya, katika Bahari ya Mediterania, Venice na Genoa zilipigana kwa vyombo hivyo karne nyingi. Vyombo vikigusana, askari waliruka kuingia cha adui na panga mkononi, vita vikawa kama vya nchi kavu. Baadaye mizinga ikafungwa upande wa omo. Upepo ulipolala, vyombo hivi viliendelea kwenda tu. Ila wapiga makasia wote hao walitaka maji ya kunywa kila siku, na ndani nafasi ya mapipa ilikuwa finyu. Ndiyo maana vyombo hivi havikukaa mbali na bandari kwa muda mrefu.

Mwaka 1589 vilikuwa hapa hapa Mvita, kisiwani Mombasa. Amir Ali Bey, Mturuki aliyekuwa adui wa Wareno, alivileta kutoka Bahari ya Shamu, na wenyeji wakampokea. Wangemkataaje? Wareno walikwisha kuuteka na kuuchoma mji wao mwaka 1505, wakarudia baadaye.

Lakini hatari haikutoka baharini peke yake. Bara, ng'ambo ya kivuko cha Makupa, wapiganaji waitwao Wazimba walikuwa wamepiga kambi. Siku hizo hapakuwa na daraja. Maji yakipwa, mtu alivuka kwa miguu. Ali Bey akalazimika kupeleka baadhi ya vyombo kulinda kivuko. Mizinga iliyotakiwa kutazama bahari kuu ikawa inatazama mikoko! Mimi simlaumu. Kisiwa kina milango miwili, naye alikuwa na vyombo vichache.

Kaskazi ikawaleta Wareno kutoka Goa, merikebu zipatazo 20, mkuu wao Tomé de Sousa Coutinho. Wakaipiga ngome ya Waturuki ufukweni, wakaingia hadi Makupa, wakaviteka vile vyombo. Kivuko kikabaki bila mlinzi, na Wazimba wakavuka. Watu wakakimbilia majini, kuelekea boti za Wareno wale wale, na wengi wakazama. Ali Bey alitekwa, akaishia Lisbon.

Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, ikitazama mlango wa bandari. Baadaye wakajenga na vijiboma huko Makupa, maana maji yaliendelea kupwa.