Je, Wajua? Vilipuzi Vilivyotoweka Wiki ya Mwisho ya Kampeni

Je, wajua kwamba zikiwa zimebaki siku 8 Wamarekani wapige kura mwaka 2004, Rais George W. Bush na mpinzani wake John Kerry walikuwa wakizozana juu ya ghala la silaha lililoko Iraki? Gazeti la New York Times lilitoboa habari hiyo Oktoba 25: karibu tani 342 za vilipuzi vikali hazionekani Al-Qaqaa, kusini mwa Baghdad.

Wajua kwamba havikuwa siri? Shehena kubwa zaidi, tani 195 hivi za kilipuzi aina ya HMX, ilikuwa imefungiwa kwa lakiri za IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki. Wakaguzi walizitazama lakiri hizo Machi 2003, vita vya Marekani dhidi ya Iraki vikikaribia kuanza. Sehemu iliyobaki ilikuwa vilipuzi vya RDX, na PETN kidogo.

Ili ujue ukali wake: ndege ya Pan Am iliyolipuka juu ya Lockerbie mwaka 1988, watu 270 wakafa, ilikadiriwa kuangushwa na kilipuzi cha jamii hiyo kisichofika nusu kilo.

Wajua nani aliyetoa taarifa? Wairaki wenyewe. Oktoba 10, 2004, Wizara yao ya Sayansi na Teknolojia iliiandikia IAEA kwamba vilipuzi vimeibwa na kuporwa baada ya Aprili 9, 2003, siku Baghdad ilipoanguka, kwa kukosa ulinzi.

Basi majukwaa yakawaka moto. Kerry akasema Rais ameshindwa kulinda kilichopaswa kulindwa. Bush akajibu kwamba mpinzani wake anatoa shutuma bila kuujua ukweli, na kwamba huenda shehena ilihamishwa kabla wanajeshi hawajafika. Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikatoa picha ya setilaiti ya Machi 17, 2003 yenye malori nje ya ghala mojawapo. Kisha kituo cha televisheni cha KSTP cha Minnesota kikaonyesha mkanda wa Aprili 18, 2003: wanajeshi wa Marekani wakiwa ndani ya maghala hayo, mapipa yamepangwa. Lakiri nayo ilionekana, na David Kay, aliyewahi kuongoza msako wa silaha Iraki, akasema ni ya IAEA.

Kinachoniuma ni kwamba ubishi wote ulikuwa wa tarehe. Viliondoka lini, na lawama ni ya nani? Raia wa Iraki, ambao tayari walikuwa wakiuawa kwa mabomu ya barabarani na sokoni, hawakuwa na kura katika uchaguzi ule, na hofu yao haikupewa nafasi jukwaani.

Na wajua hili? Mapema Oktoba hiyohiyo ya 2004, ripoti ya Charles Duelfer, aliyempokea Kay uongozi wa msako, ilikuwa imethibitisha kwamba Iraki haikuwa na shehena za silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita. Zilizosakwa hazikuwepo, vilipuzi vilivyokuwepo, vikiwa vimeorodheshwa na vingi vikiwa na lakiri, ndivyo vilivyokosa mlinzi.

Novemba 2 Bush akashinda, kura 286 za wajumbe dhidi ya 251 za Kerry.