Mkataba wa Miaka 99 Mnaoungoja Haupo

Kila Jamhuri Dei ikikaribia, swali ni lile lile. Naulizwa Molo, Njoro, Gilgil, hata kwenye ngazi za mahakama hapa Nakuru: "Wakili, ule mkataba wa Mwingereza unaisha mwaka gani?" Anayeuliza ameshaambiwa kwamba Kenya haikupata uhuru, ilikodishwa, kwamba kule Lancaster House, London, ilitiwa saini karatasi ya siri ya miaka 50, au 60, au 99, na kwamba siku yake ikifika, mashamba ya masetla yatarudi kwa wenyewe. Miaka 50 ilitimia 2013. Miaka 60 ikatimia 2023. Hakuna shamba lililorudi, na wanaoeneza habari hii wamesogeza tarehe mbele.

Ningenyamaza kama habari hii isingekuwa inakula pesa za wazee. Mama mmoja aliniletea fotokopi aliyouziwa pamoja na nafasi katika "orodha ya watakaorudishiwa". Ina picha ya taji juu, saini chini na tarehe ya Desemba 1963. Mstari wake wa kwanza unataja "Serikali ya Jamhuri ya Kenya". Sikuhitaji kusoma zaidi, kwa maana Desemba 1963 hapakuwa na Jamhuri.

Kenya haikujitangazia uhuru, na asiyelijua hilo ndiye anayeuziwa karatasi. Baada ya vita vya msituni na kambi za vizuizi, viongozi wetu walikaa Lancaster House mara tatu, 1960, 1962 na 1963. Kisha Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Uhuru wa Kenya, na katiba ikatolewa kwa amri ya Malkia. Zote zilichapishwa, zinasomeka hadi leo. Bendera ilipopanda usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, Malkia aliendelea kuwa mkuu wa nchi, na Gavana Malcolm MacDonald akabaki akiwa Gavana Mkuu. Jamhuri ilikuja 12 Desemba 1964, kwa marekebisho ya katiba yaliyopitishwa na Bunge letu wenyewe. Tangu hapo hakuna ofisi London yenye uwezo wa kisheria wa kuturudishia ekari moja, wala wa kutunyima. Waliotoa tamko la uhuru bila idhini ya London walikuwa masetla wa Rhodesia, 11 Novemba 1965, na walifanya hivyo ili Waafrika wasitawale.

Kitu kilichofanana na kukodisha kilikuwepo Pwani, ambako Uingereza ilimlipa Sultani wa Zanzibar kila mwaka kwa ajili ya ule ukanda wa maili kumi. Kilimalizwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963, hadharani.

Miaka 99 ilitoka wapi, basi? Ilitoka kwenye sheria ya ardhi ya 1902, iliyomruhusu setla kukodi shamba kwa serikali ya kikoloni kwa miaka 99. Masetla wakalalamika kwamba ni michache, na sheria ya 1915 ikawapa 999. Kila shamba lilikuwa na mkataba wake na tarehe yake ya kuanza. Ukiisha, ardhi inarudi kwa serikali. Hakuna kifungu kinachosema inarudi kwa jamii iliyofukuzwa.

Hapa Bonde la Ufa watu wamechanganya mikataba hiyo na ule wa Wamaasai wa 1904, na kosa hilo limeumiza watu. Agosti mwaka huo, Olonana na viongozi wenzake walitia alama kwenye makubaliano na Kamishna Donald Stewart. Waliachia Naivasha, Nakuru na nyanda za kando ya reli. Wakaahidiwa Laikipia na eneo la kusini, barabara ya upana usiozidi nusu maili ya kuunganisha sehemu hizo mbili, na maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya tohara. Muda uliowekwa ni maadamu Wamaasai wapo duniani. Someni wenyewe: hamna 99 wala 100. Lakini Agosti 2004 watu waliingiza ng'ombe kwenye ranchi za Laikipia wakiamini miaka 100 imetimia, na wakakutana na polisi.

Kinachonikera ni kwamba uongo huo unafunika hoja ambayo ilikuwa na nguvu. Mkataba wa 1904 ulivunjwa na Waingereza wenyewe baada ya miaka 7 tu, walipowalazimisha Wamaasai kutoka Laikipia kwa makubaliano mapya ya 1911. Ole Njogo na Wamaasai wenzake walikwenda mahakamani, na kesi ikaamuliwa 1913. Majaji, kisha na mahakama ya rufaa, waliwaambia kwamba Wamaasai ni taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi wa Uingereza, kwamba mkataba ulikuwa baina ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuusikiliza. Yaani walitambuliwa kuwa taifa ili wafungiwe mlango. Wazee wale walishindwa wakiwa na haki mkononi. Leo mtu anasimama barazani kusema walikodisha tu, wangoje tarehe. Ni kuwadhalilisha mara ya pili.

Naelewa kwa nini siri inaaminika. Uingereza iliondoka na mafaili ya ukoloni na kuyaficha kwake, Hanslope Park. Kuwepo kwake kulikubaliwa 2011 tu. Yalisaidia kesi ya waliopigwa na kuteswa wakati wa Mau Mau, na 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu zaidi ya 5,200. Walioshinda walikuja na majina yao, makovu yao na ushahidi wao.

Na yaliyofanyika kuhusu mashamba hayakuwa siri. Tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, aliwahutubia masetla hapa hapa Nakuru, akawaomba wabaki walime na pande zote zisameheane. Katiba ya uhuru ililinda hati zao. Skimu ya Ekari Milioni ilinunua mashamba yao kwa fedha nyingi za mkopo, na familia zilizopewa ploti zikapewa na deni. Tulinunua ardhi tuliyonyang'anywa. Hilo linaniuma hadi leo, lakini liliandikwa na kutangazwa.

Mnaotaka tarehe, iko moja. Katiba ya 2010 ilikata hati zote za wasio raia zilizozidi miaka 99, zikahesabiwa upya kuanzia 27 Agosti mwaka huo. Zinaishia 2109, na mwenye uraia wa Kenya, awe mweupe au mweusi, kipengele hicho hakimgusi.

Sasa ya kufanya. Fanya sachi kwenye masjala ya ardhi ujue hati ni ya nani na ya muda gani. Barua na ramani za zamani tafuta Nyaraka za Taifa. Dhuluma za kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010 ni kazi ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Sheria ya 2016 iliweka miaka 5 ya kuwasilisha madai, kwa hiyo kwanza uliza kama jamii yenu ilishawasilisha, na mpate namba ya faili. Mwenye ploti ya skimu amalize mkopo, adai hati ya kuondolewa deni. Penye mgogoro uliopo sasa, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kubadilisha sheria yenyewe ni kazi ya wabunge na maseneta wako. Waulize kabla ya kura. Anayetaka ada ya kukuandikisha kwa ajili ya mkataba unaoisha, mwombe risiti ya serikali. Akikosa, piga ripoti kituo cha polisi ukiwa na namba yake ya simu.