Mikro moja kwa waimbaji sita



Ile nyimbo tuliyonasa kabla ya Pasaka wengi wenu mliisikia. Soprano ilijaa mule peke yake, na bas kama anaimbia ng'ambo ya mlima. Mama mmoja aliyetumiwa ile sauti alimwuliza mtoto wake: «Na wewe ulikuwaka wapi?» Kumbe mwenzetu aliimba toka mwanzo mpaka mwisho. Juu ya ile tunaandika.

Kosa halikuwa la koo. Tulisimama mstari mmoja, mikro mbele ya soprano. Sauti inapungua upesi: mahali pa wazi, aliye meta 2 kutoka mikro anaifikia na robo tu ya nguvu ya yule wa meta 1. Basi tusimame nusu duara, umbali uwe karibu sawasawa. Mwenye sauti kali arudi hatua moja nyuma, bas asogee. Lakini msimwambie soprano apunguze sauti; akiogopa, nyimbo inakufa. Tulijaribu hiyo, na machozi yalitoka.

Mikro ya kanisani inasikia zaidi mbele yake. Aliye nyuma yake anapotea. Ziko zingine zinazosikia pande zote, hizo mnaweza kuzizunguka kama moto. Yetu iwe juu kidogo ya vichwa, ikitazama midomo, meta 1 hivi. Ikikaribia sana, kila «p» inapiga kama mlango. Na ifungwe kwenye kijiti, sababu vidole vinasikika. Ni kweli Hugh Tracey, aliyemnasa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alizoea kushika mikro mkononi na kuisogeza mwenyewe. Lakini yule alikuwa na mazoezi ya miaka mingi, sisi tuna ya siku mbili.

Darasa tupu linarudisha sauti, maneno yanachanganyika. Blanketi zikitundikwa ukutani zinasaidia sana. Manjanja nayo ni adui: mvua ikianza, hapa Masisi ao kule Walikale, mnaacha paka kuacha. Imbeni ubeti mmoja, sikilizeni, hamisheni watu, kisha rudieni.

Jumamosi asubuhi mapema tunanasa tena. Mwenye blanketi alete. Na mtoto wa yule mama atasimama mbele.