SOMO LA MNUNUZI: Sifa Zilizoandikwa Katika Tovuti ya Duka

Wenye kalamu na karatasi wawe navyo karibu, maana leo tuna hesabu kidogo.

Bibi mmoja ametuletea swali. Alinunua viatu vya mtoto wa shule katika tovuti ya duka. Chini ya picha ya viatu palikuwa na maneno ya wanunuzi wengi, wote wakivisifu, nyota tano tano. Viatu vikaja, siku ya tatu soli ikabanduka. Bibi akaandika habari hiyo mahali pale pale, akatia nyota moja. Amengoja juma zima, neno lake halijaonekana. Anauliza: Je, wale wengine walisema uwongo?

Si lazima. Yamkini kila mmoja wao alisema kweli. Andikeni hesabu hii. Watu 10 wamenunua kitu. Sita wamekipa nyota 5, na wanne wamekipa nyota 1. Sita mara tano ni 30, ongezeni 4, jumla 34. Gawanyeni kwa 10, mtapata 3.4. Sasa mwenye duka ayafiche maneno ya wale wanne. Kitu kile kile kinakuwa na nyota 5 kamili, wala hakuna aliyeandika uwongo hata neno moja. Msema pweke hakosi.

Mambo haya yamepata kufika mbele ya sheria. Huko Marekani, Januari 2022, kampuni ya nguo iitwayo Fashion Nova ilikubali kulipa dola milioni 4.2 ili kumaliza shauri lililoletwa na tume ya serikali isimamiayo biashara. Tume ilidai kwamba tangu mwishoni mwa 2015 hadi Novemba 2019 maneno yenye nyota 4 na 5 yalitokea yenyewe katika tovuti ya kampuni, bali yenye nyota chache yalizuiliwa yangoje idhini. Na mamia ya maelfu ya hayo hayakutolewa kamwe.

Hapo anayedaiwa ni mwenye duka. Mara nyingine mwenye duka naye hudanganywa. Tume hiyo hiyo iliishtaki kampuni ya mafuta ya uso, Sunday Riley, ambayo bidhaa zake ziliuzwa katika tovuti ya duka la Sephora. Mwaka 2016 wafanyakazi waliandikiwa barua wajiandikishe katika tovuti ile kwa majina matatu matatu, wafiche kompyuta zao ziliko, wasifu kwa nyota tano, tena wayakatae maneno mabaya ya wengine ili yaondolewe. Shauri lile lilimalizwa bila faini, jambo ambalo mimi naliona pungufu.

Tangu Oktoba 2024 kanuni mpya ya Marekani inakataza waziwazi kununua sifa za uwongo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Mei 2022, mwenye tovuti hana budi kueleza kama anahakikisha kwamba waandishi ni wanunuzi kweli, na anahakikishaje. Maelezo hayo yasomeni yakiwapo.

Basi, tuzitupe sifa zote? Hapana. Mtu asemaye “nguo ni nzuri sana” hajakufundisha kitu; lakini asemaye “mikono ni mifupi, nami navaa namba 40” amekusaidia, hata kama anasifu. Tafuteni nyota mbili na tatu. Zisipokuwapo kabisa kwa kitu kilichonunuliwa na watu wengi, ulizeni zimekwenda wapi. Tena tazameni tarehe: sifa nyingi za siku moja, zenye maneno yanayofanana, zitieni shaka.

Kwa Bibi wa viatu: hatuwezi kusema duka lile limelificha neno lako; huenda linasomwa kwanza. Lakini usingoje. Piga picha ya soli, shika stakabadhi, uwaandikie wenye duka moja kwa moja kudai fedha zako. Mahali pa sifa si mahali pa madai.

Kazi ya juma hili: chagueni kitu kimoja katika tovuti ya duka, hesabuni nyota za kila namba, mtuletee jibu. Juma lijalo tutasoma habari ya hati ya dhamana. Kwaherini.