Matai wana tofali, kinachokosekana ni chama

Pita Matai, mkoani Rukwa, mwezi wa Agosti, mahindi yakishaingia ghalani, uone moshi wa matanuru pembezoni mwa mji. Udongo wa Ufipa unakubali tofali. Kijana anakanyaga tope mpaka lilainike, analijaza kwenye kalibu ya mbao, anasawazisha juu kwa kiganja kilicholowa, kisha anaipindua kalibu chini. Tofali bichi hufunikwa nyasi ili jua lisilipasue. Likikauka linapangwa tanuru lenye matundu ya kuni chini, linasilibwa tope kwa nje, moto unawashwa na wenyewe wanakesha nao. Kazi hiyo hapa haihitaji semina.

Kwa hiyo anayekuja Matai na hotuba ya uhaba wa vifaa vya ujenzi amepotea njia. Kuta zinasimama. Kinachokwama ni kenchi na bati, na kabla ya hapo, kiwanja. Tangu Wilaya ya Kalambo ilipomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini na Matai ikawa makao makuu, walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na wanunuzi wa mahindi wote wanatafuta pa kulala. Barabara ya Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga inapita hapo hapo. Mwenye shamba kando ya mji anakata kipande na kuuza. Mnaandikishiana mbele ya mwenyekiti, mashahidi wanatia sahihi, unajenga. Wapimaji wakifika baadaye, sebule yako inaweza kuwa imekaa katikati ya barabara iliyochorwa kwenye ramani.

Hilo haliwezi kutatuliwa na mtu mmoja mmoja, hata awe na tofali elfu kumi. Ndiyo maana nataka kuwapeleka wasomaji wa Ufipa mbali kidogo, Chamazi, kusini mwa Dar es Salaam.

Serikali ilipoamua kupanua eneo la bandari ya Dar es Salaam, wakazi wengi wa Kurasini, kando ya bandari hiyo, walitakiwa kuhama. Mwenye nyumba alikuwa na cha kufidiwa. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye pengine ameishi hapo miaka mingi kuliko mwenye nyumba mwenyewe, hakuwa na ukuta wa kuthaminishwa. Baadhi ya wapangaji hao walikuwa tayari kwenye vikundi vya akiba vya shirikisho la watu wa kipato cha chini mijini, lililoanza mwaka 2004 kwa msaada wa shirika la Centre for Community Initiatives. Badala ya kila familia kukimbilia chumba kingine, walinunua ekari 30 Chamazi kwa pamoja na kusajili chama cha ushirika wa nyumba.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni mpangilio wa hatua zake. Akiba ilitangulia, shilingi kidogo kidogo, wanawake wakiwa wengi, na daftari la kila kikundi linasomwa mbele ya wanachama. Ikafuata hesabu ya watu: wakazi wenyewe walipita nyumba kwa nyumba kuandika nani anaishi wapi na analipa kodi kiasi gani, wakawa na takwimu za kuweka mezani mbele ya wakubwa. Ardhi ikanunuliwa. Kisha wakakaa na maofisa wa ardhi kuomba viwanja vidogo kuliko kipimo cha kawaida, maana kiwanja kikubwa ni bei kubwa. Tofali lilikuja mwisho, na lilikuwa la kufungamana: udongo na saruji kidogo, vinashindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Wanachama walijifunza kulitengeneza, wanawake kwa wanaume, na gharama ikashuka. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyanadi matofali hayo kwa miaka mingi. Kwa Rukwa, ambako kila tanuru linameza kuni kwa mikokoteni, yangestahili kuangaliwa upya.

Chamazi haikuwa peponi. Ni mbali na Kurasini, na aliyekuwa akiishi kwa vibarua vya bandarini au kuuza chakula kwa wapakuaji alijikuta nauli inakula kipato. Nyumba ziliinuka polepole, nyingine zikianza na vyumba vichache kwa makusudi, mwenyewe aongeze akipata. Lakini hakuna aliyejenga juu ya barabara ya mwenzake, na suala la majitaka lilijadiliwa kabla ya kila mtu kuchimba shimo lake.

Chama cha namna hiyo kinaendeshwaje? Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inatambua ushirika wa nyumba kama inavyotambua AMCOS za kuuza mazao na SACCOS za akiba na mikopo. Mwanachama analipa kiingilio na kununua hisa. Mkutano Mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, na humo kura ni moja kwa kila mtu: mwenye hisa hamsini na mwenye hisa tano wananyoosha mkono mmoja mmoja. Mkutano unachagua bodi, bodi inaajiri au kumteua mtendaji, hesabu zinakaguliwa, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika yuko juu kuangalia. Kwa maandishi ni rahisi. Kazi yenyewe iko kwenye mambo madogo: nani anashika ufunguo wa stoo ya saruji, nani anapanga zamu ya kumwagilia matofali, aliyekosa zamu mara tatu anatozwa nini. Huko Uruguay, nchi iliyokwenda mbali sana kwa ushirika wa nyumba tangu sheria yao ya mwaka 1968, katika vyama vya kujenga kwa kusaidiana kila kaya hutoa saa kadhaa za kazi kwa wiki wakati wa ujenzi, na saa hizo huandikwa kama fedha zinavyoandikwa.

Hapa ndipo Ufipa itabidi iwe na kichwa chake. Utaratibu wa Dar es Salaam wa kukusanya akiba kila siku unamfaa mama anayeuza vitumbua. Mkulima wa Matai anashika fedha mara moja kwa mwaka, anapouza mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula au kwa mfanyabiashara mwenye lori. Ukimdai mchango wa wiki mwezi Februari, mvua imeshika na ghala linaelekea kwisha, unamfukuza chamani kwa heshima. Chama cha nyumba cha huku kipokee magunia wakati wa mavuno, kipokee tofali, kipokee siku za kazi kuanzia Juni hadi Oktoba, na vyote vipewe thamani iliyokubaliwa kikaoni kabla msimu haujaanza. Bei ya gunia ikipanda baada ya hapo kutakuwa na maneno, na ni afadhali yasemwe kikaoni kuliko kilabuni.

Kuna wingu jingine. Neno ushirika kwa wazee wengi lina kovu. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vya ushirika, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katikati hapo watu walijifunza kwamba mali ya chama inaweza kuondoka kwa tangazo. Benki ya Nyumba Tanzania nayo, iliyoanzishwa 1973 ili mtu wa kawaida akope ajenge, ilianguka katikati ya miaka ya 1990. Simlaumu mzee anayesema afadhali tofali zake zikae uani kwake azione. Dawa yake si kumhubiria moyo wa umoja. Aonyeshwe stakabadhi na aruhusiwe kulikagua daftari siku yoyote, si siku ya mkutano tu. Na chama kianze na jambo dogo linaloonekana: kununua bati kwa jumla Sumbawanga kwa ajili ya wenye kuta zilizosimama bila paa. Kikundi cha watu kumi na tano kinaweza kulifanya hilo bila hata kusajiliwa, na kikidhulumiana katika bati, kitakuwa kimejua mapema kwamba hakifai kununua ardhi.

Ardhi ikishanunuliwa, ubishi mgumu utakuwa wa majina. Hati ikikaa kwa jina la chama, mwanachama hawezi kukiuza kiwanja kwa tajiri na kuwaachia wenzake jirani asiyejua zamu. Lakini pia hawezi kwenda benki nacho peke yake. Akifariki, nyumba inabaki kwa nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, ila ukoo ukishafika msibani sheria hiyo mara nyingi inasahaulika nje ya geti. Masharti ya chama yanaweza kuandika mume na mke wote kuwa wanachama, kila mmoja na kura yake, na mjane kuendelea na uanachama bila kuomba ruhusa ya shemeji. Kifungu hicho kipitishwe kwenye mkutano wa kwanza kabisa, wakati bado hakuna nyumba ya kugombania, na wanawake wawe wamekaa mbele.