Upigaji Picha wa Mji wa Oxford na Suala la Majira

Mwanafunzi wa Kiswahili anapokabidhiwa picha ya mji wa Oxford ili aiandikie maelezo mafupi, tatizo la kwanza linalomkabili si la kamera bali ni la lugha. Tuseme picha inaonyesha miti yenye majani mekundu na ya manjano kando ya ukuta wa mawe, nalo jua limeinama ingawa ni adhuhuri. Kamusi aghalabu zitamwelekeza kwenye neno vuli. Hata hivyo, kwa msemaji wa Kiswahili wa Mombasa au Unguja, vuli ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, wakati ambapo ardhi iliyokauka huanza tena kuota majani. Neno linasema kwamba mti unavaa, ilhali picha inaonyesha mti unaovuliwa. Makala haya yanajadili namna mji huo wa kale wa chuo kikuu unavyopigwa picha katika majira yake yote. Yanashikilia kwamba anayetaka kuyaeleza majira hayo kwa Kiswahili hana budi kuanzia pale anapoanzia mpiga picha, yaani kwenye nuru.

Majira yetu tumeyahesabu kwa mvua na pepo. Kaskazi na kusi ni pepo. Masika na vuli ni mvua. Kipupwe ni ubaridi unaoandamana na kusi. Urefu wa mchana haumo katika hesabu hiyo, na haukuwa na sababu ya kuwamo, kwa kuwa Nairobi mchana huwa wa takriban saa 12 mwaka mzima. Oxford iko karibu nyuzi 51 na dakika 45 kaskazini mwa ikweta. Huko mvua hunyesha katika kila mwezi, kwa hivyo haiwezi kutenga majira na majira. Kinachoyatenga ni jua. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri, mchana wote ukiwa chini kidogo ya saa 8. Mwishoni mwa Juni mchana hupita saa 16 na nusu, na jua hutua karibu saa tatu na nusu usiku.

Tofauti hiyo si ya urefu wa siku pekee. Adhuhuri ya katikati ya Juni jua la Oxford hupanda hadi nyuzi 62 hivi juu ya upeo wa macho. Adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba halizidi nyuzi 15. Maana yake ni kwamba kitu kilichosimama wima hutupa kivuli cha nusu tu ya kimo chake mwezi wa Juni, na kivuli cha karibu mara nne ya kimo hicho mwezi wa Desemba. Tuchukue mfano wa jengo la Radcliffe Camera, maktaba ya duara iliyosanifiwa na James Gibbs na kujengwa kati ya 1737 na 1749. Kusini mwake limesimama kanisa la Mt. Maria, ambalo mnara wake hupandwa na wapiga picha wengi ili kulitazama jengo hilo kutoka juu. Kwa kuwa wanatazama kaskazini, jua la mchana liko nyuma yao na uso wa jengo umeangazwa. Lakini katika miezi ya baridi kivuli cha kanisa lenyewe huufunika uwanja, sehemu ya chini ya maktaba ikazama katika giza la samawati huku kuba lake likiota jua la rangi ya asali. Mpiga picha hujikuta mbele ya nuru mbili katika picha moja. Akiipimia kamera yake kwa kuba, uwanja unakuwa mweusi. Akiipimia kwa uwanja, kuba linaunguzwa likawa jeupe. Walio wajuzi hupimia kuba na kukiacha kivuli kiwe kivuli. Kwa maoni yangu hao ndio wanaousema ukweli wa Desemba.

Kuta zinazotazama kaskazini nazo zina kalenda yake. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwishoni mwa Machi hazipati jua hata kidogo. Baada ya hapo hulipata asubuhi mapema na jioni tu, likija kwa ubavu na kuonyesha kila mkwaruzo wa jiwe. (Kwetu Nairobi jua la adhuhuri ya Juni liko upande wa kaskazini, jambo ambalo wengi wetu hatujapata kuliangalia.)

Ni muhimu kutaja kwamba uhusiano huu wa Oxford na nuru ni wa tangu mwanzo wa upigaji picha wenyewe. William Henry Fox Talbot, mmoja wa wavumbuzi wa sanaa hii, alichapisha kitabu cha *The Pencil of Nature* kwa mafungu kati ya 1844 na 1846. Picha ya kwanza kabisa ndani yake ni ya sehemu ya Queen's College, Oxford. Katika maelezo yake Talbot hakutosheka kulitaja jengo. Alieleza kwamba ametazama kaskazini kutoka ng'ambo ya pili ya barabara, kwamba ni asubuhi, na kwamba mawe yana majeraha ya dahari na ya hali ya hewa. Penginepo katika kitabu hicho anasema kwamba picha huweza kunasa mambo ambayo mpiga picha hakuyaona, kwa mfano uso wa saa ya mbali unaotoa ushahidi wa wakati picha ilipopigwa. Basi maelezo ya picha yenye kuheshimu upande, wakati na hali ya hewa si jambo geni.

Majeraha aliyoyataja Talbot yanahitaji ufafanuzi. Mawe mengi ya Oxford ni ya chokaa, na sehemu kubwa ilichimbwa Headington, kijiji ambacho siku hizi ni sehemu ya mji. Aina laini ya jiwe hilo huchongeka kwa urahisi lakini haistahimili moshi. Moshi wa makaa ya mawe ulizifanya kuta kuwa nyeusi, na tindikali iliyomo katika moshi huo ikaungana na chokaa hata jiwe likafanya gamba na kubanduka. Mwaka 1957 ulianzishwa mfuko maalumu wa kuyakarabati majengo ya kihistoria, na katika miaka iliyofuata kuta nyingi zilisafishwa au kuvikwa mawe mapya. Kwa hiyo rangi ya asali inayosifiwa katika kadi za posta ni rangi iliyorejeshwa. Anayezilinganisha picha za kabla na za baada ya ukarabati atadhani anaitazama miji miwili.

Rangi yenyewe ilikuwa na mtafiti wake. Sarah Angelina Acland (1849–1930), mkazi wa Oxford, alikuwa miongoni mwa watangulizi wa picha za rangi mwanzoni mwa karne ya 20. Njia mojawapo aliyoitumia ilihitaji kitu kimoja kipigwe picha mara tatu kupitia vichujio vya rangi tatu. Msomaji ataona mara moja ugumu wake: jani likitikiswa na upepo kati ya picha ya kwanza na ya tatu, kingo zake hutoa rangi zisizo zake. Jiwe halikuwa na udhia huo.

Majira ya machipuo hayahitaji maneno mengi, maana yamepigwa picha kupita kiasi. Inatosha kutaja tarehe 1 Mei, ambapo saa kumi na mbili asubuhi kwaya huimba juu ya mnara wa Magdalen, uliokamilika 1509, nao umati husimama chini barabarani. Mwezi wa Juni huleta picha nyingine isiyopatikana kwingi: watahiniwa waliovalia majoho, kila mmoja akiwa na ua kifuani, jeupe kwa mtihani wa kwanza, la rangi ya waridi kwa ile ya katikati, na jekundu kwa wa mwisho. Katika miezi ya baridi uwanda wa Port Meadow hufurika maji ya mto Thames na kugeuka kioo. Theluji ikianguka, kipimanuru cha kamera hudanganyika na kuifanya ya kijivu. Mpiga picha hulazimika kuongeza nuru kwa hatua moja au mbili ili iwe nyeupe tena.

Je, haya yanatuhusuje? Chuo Kikuu cha Oxford kina mihula mitatu ya wiki 8 kila mmoja: Michaelmas, Hilary na Trinity. Miwili ya kwanza huangukia kati ya Oktoba na katikati ya Machi, yaani wiki 16 kati ya 24 za masomo zimo katika nusu ya mwaka yenye nuru haba. Kinyume chake, picha zinazopambia vijitabu na kadi aghalabu ni za mji wa Juni hadi Agosti, wakati ambapo wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza wamemaliza muhula au wamekwisha kwenda zao. Kijana wa Kisumu au Malindi anayeujua mji huo kwa picha hizo hufika Oktoba, na kila wiki mchana unapunguka mbele ya macho yake. Picha haikusema uongo, ila ilikaa kimya kuhusu mwezi wake. Maelezo yaliyoandikwa chini yake yangeweza kulisema hilo.

Tukirejea kwa mwanafunzi tuliyeanza naye, pendekezo letu ni kwamba neno vuli aliache kwa mvua zetu, na aandike majira ya kupukutika kwa majani, hata kama ni marefu. Kipupwe pia kinapotosha, kwa sababu msomaji wa Lamu atawaza Julai na upepo wa kusi. Majira ya baridi yanatosha. Kiangazi ndicho chenye utata wa kuvutia. Sisi hukihusisha na ukavu na joto, ilhali nyasi za Oxford mwezi wa Juni huwa mbichi kwa mvua. Hata hivyo, kwa umbo lake neno hilo linakaribiana na angaza, na yumkini ndilo pekee katika orodha yetu ambalo mpiga picha angelikubali bila kusitasita. Likitumiwa, basi liandamane na mwezi na saa: “Radcliffe Camera kutoka mnara wa Mt. Maria, kiangazi, Juni, saa mbili usiku, jua bado halijatua.”